Jerotich na Kitambaa cha Kijani

Hesabu, Jerotich anaiweza. Mpe waridi, atakufungia ishirini kwa fungu huku akipiga gumzo na jirani, na ukirudia kuhesabu utaaibika wewe. Miaka kumi na moja amekata maua katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, na hakuna siku supavaiza alimrudishia fungu kwa kupungua. Sasa mtu kama huyo, niambieni, alipotezaje wiki tatu za mwili wake mwenyewe?

Msimcheke kabla hamjasikia. Mama yake kule Baringo alihesabu mwezi wake kwa siku za soko. Soko la kwanza, la pili, la tatu, na likifika la nne alijua atafute kitambaa. Jerotich alipohamia Karagita, mtaa wa Naivasha, hakukuta soko la wiki, maana Karagita kila siku ni soko, mboga mpaka mlangoni. Alichokuta ni ofu. Shamba lilimpa siku moja ya kupumzika, Jumatatu, na akazihesabu hizo. Ofu ya nne, pedi. Hakuhitaji kalenda wala simu, na kwa miaka mingi mwili haukumdanganya ila mara mbili. Hizo mara mbili ndizo zilizomharibia usingizi.

Pale shambani wanawake hufunga vichwani vitambaa vya bluu. Mwenye mimba hupewa cha kijani, ili supavaiza amwone kwa mbali asimtume katika nyumba za plastiki za kukuzia maua, zilizopigwa dawa ya wadudu. Ni utaratibu mzuri, sikatai. Lakini siri ya tumbo ukishaifunga kichwani, hiyo ni siri tena? Asubuhi unakichukua stoo, saa nne shamba zima limekupongeza, na jioni mama mboga wa Karagita anakuongezea nyanya mbili bila kuuliza.

Mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, mwezi ulimchelewa siku tano. Hakupima. Alikimbia stoo kwa furaha, akakifunga, akatembea nacho siku kumi na moja. Mumewe, Masinde, fundi wa mabomba kule kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, aliwanunulia wenzake soda. Mama mkwe huko Bungoma alichinja kuku akatangaza kanisani. Halafu siku ya kumi na mbili damu ikaja. Mara ya pili, Mei mwaka jana, alipimwa kabisa kliniki ya shamba, akaonyeshwa kimstari chembamba, akakifunga tena. Siku ya nne damu ikaja, na tumbo likamkata usiku kucha.

Kitambaa hakitupwi, kinarudishwa. Mwenye stoo anafungua daftari, unatia sahihi, na nyuma yako foleni ya watu wanaongoja glavu. Wengi walimwambia pole. Lakini Milcah, mwanamke wa kikosi chake mwenye ulimi wa pilipili, alisema wakimsikia, "Jerotich hukiazima tu, kama gauni la harusi." Watu walicheka. Na Jerotich alicheka nao, kwa sababu kuna wakati mtu hana la kufanya ila kucheka, kisha akaenda chooni akalia mpaka gambuti zikalowa.

Masinde naye aliumia kivyake. Jioni ile alikaa kitandani, mgongo ukutani, akamwambia, "Jero, siku nyingine usiniambie mpaka uwe na hakika. Mimi siwezi tena." Hakusema kwa ukali. Na maneno ya upole, ukitaka kujua, ndiyo hukaa ndani kwa muda mrefu. Basi Jerotich akaapa. Hatahesabu hesabu za watu wenye kutamani. Atangoja ofu yake ya nne kama zamani, damu ije, isije, yeye hamwambii mtu neno.

Januari ikaingia. Jumatatu ya tarehe tano, siku shule zilipofunguliwa, alipata mwezi wake, akaanza kuhesabu upya. Tarehe kumi na mbili, ofu ya kwanza. Tarehe kumi na tisa, ofu ya pili. Halafu Valentaini ikashika shamba koo. Ulaya wakitaka kupendana, Naivasha hatulali. Ofu zote zilifutwa. Watu waliingia saa kumi na mbili asubuhi wakatoka saa moja jioni, Jumapili na Jumatatu zikawa ndugu, na Jerotich alipungua mpaka koti la kazi likamning'inia. Hakukuwa na ofu, basi hakuhesabu. Wiki tatu zilipita hivyo.

Ofu ilirudi tarehe kumi na sita Februari. Alikuwa uani anafua na Truphosa, jirani yake wa mlango kwa mlango, anayefanya kazi ya kupanga maua kwa urefu. Truphosa anaongea kama redio, lakini moyo wake ni safi.

"Nikumbushe nikinunua sabuni ninunue na pedi," Jerotich alisema. "Wiki ijayo ni zamu yangu. Ofu ya nne."

Truphosa aliacha kukamua shuka. "Ofu ya nne kutoka lini?"

"Kutoka tarehe tano. Tulikuwa pamoja, si ulikuja kuniomba mbili?"

"Haya. Na zile ofu tatu tulizonyimwa, umezihesabu?"

Jerotich aliiachia nguo majini. Alianza kuhesabu kwa vidole vyenye povu. Kumi na mbili, kumi na tisa. Ishirini na sita waliikosa. Mbili Februari waliikosa. Tisa waliikosa. Leo. Wiki sita. Mwezi wake ulipaswa kuja tarehe mbili, na leo ni kumi na sita. Amechelewa wiki mbili nzima na hakujua.

"Mimi nilipata tarehe nne," Truphosa alisema polepole. "Nikashangaa mbona hujaniomba kitu."

"Usiseme kwa mtu."

"Nimwambie nani? Jero, we enda upime."

Hakungoja nguo zikauke. Lakini msidhani alikwenda akiimba. Kilichomjaa ni hofu, na hofu yenyewe ilikuwa na majina. Kama mtoto yuko, basi wiki hizi amepita naye katika nyumba ngapi zilizopigwa dawa, mikono mitupu glavu zikichanika, akivuta harufu ile inayokaa kooni mpaka usiku? Na kama hayuko, atavumiliaje mara ya tatu? Alipiga hatua za haraka mpaka kemisti, duka la dawa, akanunua kipimo, akarudi, akajifungia katika choo cha ploti, kile cha wapangaji wote. Watu wawili waligonga mlango akawaambia wangoje.

Mstari mmoja. Alingoja mpaka kile kijiti kikakauka. Mstari ulikuwa mmoja tu, mwekundu, ule wa kusema kipimo kinafanya kazi.

Alirudi kemisti, sijui kwa nini, labda alitaka mtu amweleze. Mburu, kijana wa pale dukani, alikitazama mara moja akamrudishia.

"Hakuna kitu, mathe. Mwezi umekwama tu. Hiyo ni stresi."

"Wiki mbili?"

"Inakwama hata mwezi mzima. Lakini kuna dawa ya kuufungua. Unameza leo, baada ya siku mbili tatu unaona."

"Na kama kuna mtoto?"

"Si kipimo kimesema hakuna?" Mburu alishamimina vidonge katika bahasha ya kaki. "Nne usiku huu, baada ya kula."

Na Jerotich aliichukua. Ndiyo, aliichukua, na nani angemlaumu? Alikuwa amechoka kungoja. Damu ikija leo, basi ije, alie, amalize. Kungoja kulimtesa kuliko kulia. Alifika chumbani, akabandika sufuria ya ugali, akaketi kitandani maji yachemke. Wiki tatu za kazi zilikuwa zinamdai usingizi, na ukamchukua hapo hapo. Truphosa ndiye aliyezima jiko, akamvua viatu, akamfunika. Vidonge vilibaki katika mfuko wa sketi.

Jumanne saa kumi na moja unusu alfajiri alivikuta mfukoni. Alivitazama sana. Jambo moja lilimsumbua: kama hakuna mtoto, mbona mkono wake ulikataa kuvifikisha mdomoni? Basi kabla ya kuingia kazini alipita kliniki ya shamba.

Sista Immaculate alikuwa muuguzi mpya pale, mama wa makamo, mnene, miwani kwenye ncha ya pua, sauti ya mtu aliyezoea kusomesha. Jerotich alimwekea bahasha mezani kabla hajasema salamu vizuri.

Sista aliifungua. Uso ukabadilika. "Umemeza ngapi?"

"Sijameza."

"Hata kimoja?"

"Nililala, sista. Haki ya Mungu, nililala tu."

Sista aliiweka bahasha kwenye droo akaifunga kwa ufunguo. "Mshukuru usingizi wako. Hizi hazipewi mtu hivyo, bila kupimwa, bila kuulizwa. Unaweza kutokwa na damu ukiwa peke yako chumbani mpaka ukazimia. Sasa keti, uniambie yote. Na usinifiche, mama. Mficha uchi hazai."

Jerotich akasema yote: ofu zilizopotea, wiki mbili, mstari mmoja. Sista alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo Jerotich hakulitarajia.

"Mzee wako anafanya kazi mbali?"

"Mitambo ya mvuke. Huja wikendi moja katika kila mbili. Lakini Januari walikuwa na kazi kubwa."

"Alikuja tarehe ngapi?"

Jerotich aliona haya, akatazama gambuti zake. "Tarehe kumi Januari. Halafu hakuja tena mpaka juzijuzi, tarehe saba Februari."

Sista alichukua karatasi akachora mstari mrefu, akatia nukta. "Hapa ndipo ulipata mwezi, tarehe tano. Sasa kuna jambo wanawake wengi hatukufundishwa. Mwezi hauhesabiwi na ofu, wala na soko, wala na tarehe. Unahesabiwa na yai. Yai likitoka, damu inakuja kama wiki mbili baadaye, kama hakuna mimba. Kwa hivyo mwezi ukichelewa, mara nyingi si damu iliyochelewa. Yai ndilo lilichelewa kutoka."

"Yai linachelewaje?"

"Ulipungua kilo ngapi Valentaini hii?"

"Nne."

"Ulilala saa ngapi kwa siku?"

"Tano. Siku zingine nne."

"Basi. Mwili ukiona taabu namna hiyo unaweza kusema, tungoje kwanza. Yai lako lingetoka kama tarehe kumi na tisa Januari, na mzee hakuwepo, basi hakungekuwa na mimba na damu ingekuja zamani. Haikuja. Pengine yai lilingoja mpaka Februari." Alitia nukta nyingine. "Mzee alikuja tarehe saba. Ikiwa yai lilitoka siku hizo, wewe una mimba ya siku tisa, na kipimo cha kemisti hakiwezi kuiona. Ni mapema mno. Ikiwa halikutoka siku hizo, huna kitu."

"Ni gani, sista?"

"Sijui."

"Na ile mashine ya picha?"

"Mashine pia haijui leo. Pima Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na sita, mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukiona damu mapema na maumivu makali ya upande mmoja, au kizunguzungu, usingoje Alhamisi, uje mbio."

Siku tisa. Jerotich alihesabu hata hapo. Kisha akauliza lile lililokuwa limemkaa moyoni tangu Mei, na hakuwahi kumuuliza mtu.

"Wale wawili wa kwanza. Walikuwepo?"

Sista alifungua faili, akasoma kwa muda. "Wa kwanza sijui, hukupimwa. Huenda ilikuwa kuchelewa tu. Wa pili alikuwepo. Kipimo kilimwona. Aliondoka mapema sana, na hilo linatokea kwa wanawake wengi kuliko unavyodhani, wengi hata hawajui. Hukufanya kosa lolote."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Walimwambia pole, walimwambia subira huvuta heri, walimwambia Mungu ana mpango. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwepo. Alilia palepale, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa leo, na Sista Immaculate alimwachia alie mpaka amalize, ingawa watu watatu walikuwa wakingoja nje.

"Nikuandikie kitambaa?" sista aliuliza mwishowe.

"Hapana."

"Hizi wiki za mwanzo ndizo za kuogopa dawa zaidi, mama."

"Sista, nitakirudisha mara ya tatu? Unajua wanasemaje? Wanasema naazima."

Sista aliandika karatasi, akaikunja, akamtia mkononi. "Hii ni yako. Ukitaka utampa supavaiza. Sitakulazimisha, lakini wewe ndiye utaishi na jibu."

Jumanne hiyo Mungu alimhurumia, wakapelekwa kupalilia nje. Lakini Jumatano kikosi chao kilipangiwa nyumba namba saba. Ilikuwa imepigwa dawa jana yake jioni, na mlangoni kulining'inia kibao chekundu kilichoandikwa kwa chaki: kuingia, saa tatu. Wanawake tisa walisimama na mikasi yao. Saa ilikuwa mbili na nusu.

Kigen, supavaiza, alikuja akitembea upesi, simu sikioni. Si mtu mbaya, Kigen. Ana watoto watatu na mabosi saba. Oda ya maua ya Siku ya Akina Mama huko Uingereza ilikuwa imeshaanza kuja, na kila aliyempigia asubuhi hiyo alimfokea.

"Ingieni," alisema. Akakigeuza kibao kikaangalia plastiki. "Dawa imekauka. Nusu saa ni kitu gani?"

Kibarua habishani. Wa kwanza akainama kupita mlangoni, wa pili akafuata, na ile harufu ikatoka kuwapokea, tamutamu, ya kukwaruza koo. Jerotich alikuwa wa tatu katika mstari. Mguu wa kulia aliutanguliza, akaurudisha. Angeweza kusema ana kichwa. Angeweza kusema anakwenda chooni, akakaa huko nusu saa, na hakuna ambaye angejua. Lakini kesho je? Na keshokutwa? Siku nane zilibaki, na huwezi kukaa chooni siku nane.

"Jerotich, unazuia wenzako," Kigen alisema.

"Siingii, boss."

"Kwa nini?"

Alitoa karatasi. Ilikuwa imelowa jasho. "Naomba kitambaa cha kijani."

Mikasi ikaacha kulia. Hata wale wawili walioingia walirudi mlangoni kuangalia. Nyuma yake alimsikia Milcah akivuta pumzi, na akajiandaa kwa maneno yatakayofuata.

Kigen alisoma karatasi, akaigeuza nyuma, hakukuta la zaidi. "Hapa hakujaandikwa uko na mimba. Uko nayo ama huna?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Sista hajui. Kipimo hakijui mpaka Alhamisi ijayo."

"Jerotich, kitambaa ni ya wale wanajua." Alishusha sauti, maana wote wawili ni watu wa bonde moja kule Baringo na hakutaka kumwaibisha. "Si ungoje Alhamisi, dada? Halafu uje vizuri?"

Hapo ndipo kitu kilipomkatika ndani. Miezi tisa tangu Mei alikuwa amejifunga mdomo ili watu wasimcheke, ili Masinde asiumie, ili mama mkwe asichinje kuku bure. Amewalinda wote. Na huyu mmoja, mdogo kuliko mbegu ya sukuma wiki, kama yuko, alikuwa amemlinda na nini?

"Kama yuko, hangojei mimi nijue," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Yuko sasa. Nikijua Alhamisi, hii dawa ya leo nitaitoaje mwilini? Nipe kitambaa. Kama ni kurudisha nitarudisha, nimesharudisha mara mbili, mmeniona sikufa. Nitarudisha hata mara kumi, na daftari la stoo likijaa nunueni lingine."

Kigen alimtazama, akatazama kibao, akatazama wale wanawake wanane. Alikigeuza kibao kikasomeka.

"Tokeni," aliwaambia wawili waliokuwa ndani. "Tutaingia saa tatu." Kisha akampigia mtu wa stoo.

Walikaa juu ya kreti kungoja nusu saa ile. Jerotich alisimama kando, akingoja mzaha. Milcah alisogea, akamwachia nafasi kwenye kreti yake.

"Keti," alisema bila kumtazama. Kisha akaongeza, "Hata mimi sikutaka kuingia."

Mchana, kitambaa cha kijani kichwani na shamba zima likimkodolea macho, alimpigia Masinde. Hili lilimtisha kuliko Kigen. Alisikia mvuke ukinguruma nyuma ya sauti yake.

"Masinde, sina hakika," alianza.

"Hakika ya nini?"

"Ulisema nisikuambie mpaka niwe na hakika. Sina. Mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Lakini siwezi kubeba hii peke yangu tena, kwa hivyo nakuambia hivyo hivyo ilivyo."

Mvuke ulififia, kama mtu aliyesogea mbali na mitambo.

"Mimi nilisema hivyo?" Masinde aliuliza.

"Ulisema. Mei."

"Nilisema ujinga." Alikohoa, na Jerotich akajua ni kikohozi cha kuficha. "Jumatano ijayo jioni nitakuwa hapo. Tungoje wawili."

Siku zile nane sitawasimulia moja moja, zilitambaa. Kila alipokwenda chooni alitazama kwanza ndipo akapumua. Jumamosi alihisi tumbo likimvuta kama la mwezi, akakaa macho mpaka jogoo. Jumapili Truphosa alimletea uji na akajizuia kuongea kwa dakika kumi nzima, jambo ambalo halijawahi kuonekana Karagita. Jumatano Masinde alifika na begi lake, akala, hakusema mengi, akalala ameshika mkono wa mkewe.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri Jerotich alirudi kutoka chooni na kikopo, akakiweka sakafuni, akachovya kipimo, akakilaza juu ya kiti. Masinde aligeukia ukutani.

"Niambie wewe," alisema.

"Hapana. Geuka. Tulisema wawili."

Aligeuka. Walichuchumaa pale, magoti yakigusana, chini ya taa, kama watu wanaowasha moto. Mstari wa kwanza ulikuja upesi. Ulipotulia, hapakuwa na kitu kingine. Kisha pembeni yake, taratibu, wa pili ukajitokeza, ukakolea, ukasimama mwekundu sawasawa na mwenzake.

Masinde alikaa chini sakafuni, mtu mzima, fundi wa mabomba, machozi yakimshuka na hayafuti. Aliushika mkono wa Jerotich wenye makovu ya miiba, akaubana.

"Sasa tuna hakika?" aliuliza.

Jerotich alimkumbuka yule wa Mei, na kile kimstari chake chembamba, na siku zake nne. Alijua sasa kwamba kipimo husema mtoto ameingia, na hakisemi atakaa.

"Hakika hatuna," alimwambia. "Lakini leo tuko naye. Inuka, unisindikize kazini."